Sauti ya Mama Deri

Tryphena alikuwa akimimina chai kwenye kikombe cha dereva wa lori aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye pikipiki ya Mutunga.

Kwanza yalikuja magitaa, kelele kama mabati yanayoburutwa juu ya kokoto, kisha ngoma zikaanza kukimbizana. Halafu vyombo vyote vikanyamaza ghafla, na katika ule ukimya mwanamke akapiga ukelele kwa sauti iliyopasuka: "Ulikimbia! Ulituacha gizani, ukakimbia!" Vyombo vikarudi kwa kishindo, na vijana wakalidaka lile neno wakawa wanalirudia, ulikimbia, ulikimbia, kama watu wanaovunja mlango.

Chai ikafurika, ikamwagikia vidole vya dereva.

"Mama, pole pole!"

"Nisamehe, baba. Mkono umeteleza."

Mutunga aliegesha pikipiki kando ya kibanda bila kuzima spika. Alikuwa kijana wa papo hapo Miasenyi, aliyesoma darasa moja na Derrick, kifungua mimba wa Tryphena, na alikuwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema.

"Mama Deri, umesikia? Hii ndiyo albamu ya kina Deri! Voi nzima inaimba hii. Juzi mheshimiwa alikuja kufungua kisima, na tangu kura tulikuwa hatujamwona. Vijana wakamwimbia hii mpaka akarudi kwa gari. Mtu mzima anafungiwa kioo na walinzi, huku nyuma ni 'ulikimbia, ulikimbia'. Ilikuwa noma."

"Simu yangu ni ya kupiga tu," Tryphena akasema. "Mambo hayo hayanifikii."

"Sasa huyu mama anayelia hapa katikati, Deri alimtoa wapi? Huyu hakuigiza. Huyu ana uchungu wa kweli."

Kavinya, aliyeuza ndizi kwenye meza ya pili, akageuza shingo. Alimtazama Tryphena, akaitazama spika, akamrudia Tryphena polepole, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili dukani.

"Mama Deri, hiyo sauti..."

"Sauti za watu hufanana," Tryphena akamkata, na akainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Alikuwa ameyasema maneno yale mara moja tu maishani mwake, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa.

Mwaka uliopita, mahindi yalipokaribia kuvunwa, yeye na mumewe Zephaniah na binti yao Shanice walilala shambani kwenye dungu, kibanda cha juu cha kulindia mazao. Ndovu walipotokea, Zephaniah alishuka ngazi akapotea gizani. Dungu likaangushwa, na nguzo ikauvunja mguu wa Shanice. Walioitikia mayowe ni Mulei na majirani wengine. Zephaniah alionekana kulipopambazuka, akija taratibu kutoka upande wa barabara, na watu wakamgeukia wote kwa pamoja. Kabla hajafungua kinywa, Tryphena akasema, "Nilimtuma atafute gari." Uongo huo ndio ulioishikilia nyumba yao tangu siku hiyo. Ulimfanya Zephaniah mtu aliyekimbia usiku kwa ajili ya mtoto wake, hata wakulima wakampa filimbi na usimamizi wa zamu zote za ulinzi.

Kisha jioni moja waligombana kuhusu jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka tena, chumvi au mafuta ya taa, na ukweli ukamtoka. Derrick alikuwa chumba cha pili na gitaa lake.

Dereva wa lori alimaliza chai. Alipokuwa akilipa, akaongeza shilingi hamsini juu ya bei, akachomoa simu mfukoni.

"Mama, kweli sauti ni kama yako. Sema kidogo tu, 'ulikimbia', nirekodi. Nikawaonyeshe wenzangu Mariakani."

Tryphena alimrudishia hamsini yake, akaiweka juu ya meza kwa vidole viwili, kama kitu kilichotoka mdomoni mwa mtu.

*

Bendi iliitwa Kutu. Derrick aliimba na kupiga gitaa, Bravin alipiga besi, na Nzembi, msichana mwembamba mwenye mikono ya mpasua kuni, alipiga ngoma. Walipiga panki, muziki wa haraka na wa hasira, ambao watu wazima wa Voi waliuita kelele za mashetani. Albamu yao ya kwanza waliirekodi katika chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wake Bravin, magodoro makuukuu yakiwa yamegongomewa ukutani kuzuia mwangwi. Waliiita *Hatuombi Radhi*. Jumamosi ilikuwa izinduliwe kwenye ukumbi mmoja mtaani Sofia, na tangu asubuhi watu wasiowajua walikuwa wakipiga simu kuuliza kama bado kuna tiketi.

Simu ya Derrick ilipolia akadhani ni mmoja wao.

"Derrick." Mama yake hakumwita hivyo ila kwa mambo mazito. "Yule mwanamke ni mimi."

Akatoka nje, akasimama kati ya mafungu ya vyuma.

"Mama..."

"Umenitoa nje uchi, mwanangu. Barabarani, mbele ya madereva. Na si mimi pekee."

"Ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa narekodi gitaa, simu ilikuwa imewashwa, ikashika..."

"Na kwenye wimbo ikaingia kwa bahati mbaya pia?"

Derrick alitazama kutu kwenye vyuma.

"Baba amesikia?"

"Bado. Lakini Kavinya amesikia, na unamjua Kavinya. Ulikuwa huna maneno yako mwenyewe, Deri? Shule tulikupeleka."

Aliporudi ndani, Nzembi alikuwa ameshika vijiti bila kupiga. Ukuta wa mabati hauzuii maneno.

"Ulituambia ni igizo la kanisani," akasema.

"Najua."

"Nilikuuliza mara mbili. Ukaapa ni igizo la Pasaka kule Werugha, kwa kina mama yako. Ukanitajia mpaka nani alicheza Petro."

"Nzembi, ningewaambia mngekataa."

"Ndiyo! Tungekataa!" Aliviweka vijiti chini. "Nimepiga ngoma juu ya kilio cha mamako miezi yote hii. Tena nikifurahia. Nilikuwa namwambia kila mtu, hapo ndipo napopenda, hapo anapolia."

Bravin, ambaye hakupenda ugomvi, akajaribu kutengeneza. "Basi tuutoe kwenye mtandao. Leo leo."

"Uko kwa simu za watu," Derrick akasema. "Uko kwa pikipiki. Maji yameshamwagika."

"Tuutoe hivyo hivyo. Jumamosi tupige zingine."

Derrick hakuitikia mara moja. Katika ule muda mfupi, kabla hajasema ndiyo, aliiona Jumamosi bila ule wimbo, akauona ukumbi ukipoa, watu wakitazama saa. Akauona huo kabla ya kumwona baba yake. Nzembi alimwona akiona, akageuza uso.

*

Mkutano wa zamu ulifanyika kesho yake jioni katika darasa la chekechea. Wanaume walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafikia kifuani. Zephaniah alisimama mbele, filimbi shingoni, akipanga nani atalinda na nani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka huu watu walikuwa wamejifunza kuyasikiliza.

Simu ya mtu ikalia. Magitaa, ngoma, ukimya.

"Ulikimbia! Ulituacha gizani, ukakimbia!"

Vijana wakacheka. "Mheshimiwa akome!" mmoja akasema, na mwenye simu akaiacha iendelee kidogo ili wenzake wafurahi.

Zephaniah hakucheka. Sauti ile alikuwa amelala na kuamka nayo miaka zaidi ya ishirini. Aliitambua kabla neno la kwanza halijaisha, na uso ukampauka mbele ya wote. Mulei, aliyekaa kiti cha mbele, akamwona. Mulei ndiye aliyeinua nguzo juu ya mguu wa Shanice usiku ule, na tangu siku hiyo kulikuwa na jambo lililokuwa likimkereketa bila yeye kulijua jina.

"Zima hiyo kitu," Mulei akasema. Kisha, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Zephaniah, sisi tulipofika pale usiku ule, mama Deri alikuwa analiita jina lako. Analiita kwa nguvu zake zote. Mtu humwita vile mtu aliyemtuma?"

Ukutani kulikuwa na picha za wanyama, na chini ya kila mmoja jina lake kwa herufi kubwa.

Kama angekana, wengi wangemwamini, maana walitaka kumwamini. Zephaniah alivua filimbi, akailaza juu ya meza ya mwalimu.

"Chagueni mwingine," akasema, akatoka.

Nyumbani hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Tryphena. Aliomba maji, akanywa akiwa amesimama. Akachukua blanketi, tochi na debe tupu.

"Baba Deri, keti tuongee."

"Tuliongea. Dunia nzima imetusikia."

"Si mimi niliyepeleka."

"Najua. Wewe ulinificha." Alilifunga blanketi kwa kamba. "Ulinificha vizuri sana, mama. Mpaka nikaanza kujiamini."

"Unakwenda wapi? Zamu ni ya watu wawili."

"Nani atakaa na mimi?"

Shanice, aliyekuwa akipukuchua pojo pembeni, aliacha mikono yake ndani ya ungo. Baba yake alipita bila kumtazama. Nyayo zake zilipokwisha kusikika, Tryphena alichukua simu.

"Deri, njoo umtoe baba yako shambani."

"Mama, hatataka hata kuniona."

"Nisikilize. Mwaka jana alikimbia, ndiyo sababu yuko hai. Safari hii hatakimbia. Ameshaaibishwa, atasimama pale mbele ya ndovu kama nguzo ya stima. Hicho ndicho kinanitetemesha. Njoo."

*

Derrick alifika mchana uliofuata. Shanice alikuwa peke yake mlangoni, mguu wake mbaya ameunyoosha juani. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mwendo wake ulikuwa na mdundo ambao watoto wenzake waliuiga mpaka wakachoka.

"Mguu?"

"Uko tu."

Alikaa karibu naye. "Shani, nisamehe."

"Kwa nini mimi? Mimi simo kwenye wimbo wako. Mama yumo, baba yumo. Wewe umo, na hukuwepo. Ulikuwa Voi umelala. Mimi ndiye nilikuwa chini ya nguzo."

"Sikufikiria..."

"Na usinitie," akasema haraka. "Usiende sasa uandike mwingine kwa sababu nimesema hivyo. Nakujua."

Derrick aliinamisha kichwa, kwa kuwa sentensi ya kwanza ilikuwa imeshaanza kujipanga akilini mwake.

"Kila asubuhi kabla ya shule," Shanice akaendelea, "baba ananikanda mguu na mafuta ya moto. Kila asubuhi, hata akiwa na homa. Haongei. Akimaliza ananifunga kiatu. Hiyo hukurekodi."

Shamba lilikuwa ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa kwenye udongo mwekundu. Zephaniah alikuwa akikaza ngazi ya dungu kwa waya. Alimwona mwanawe akija toka mbali, akaendelea na kazi.

"Mama yako amekutuma."

"Ndiyo, baba."

"Basi mwambie umenikuta."

Derrick alishika upande wa pili wa ngazi ili isiyumbe. Walifanya kazi hivyo kwa muda, kama watu wasio na ugomvi.

"Nasikia ni wimbo mzuri," Zephaniah akasema.

"Tumeutoa, baba. Hatutaupiga tena."

"Mmeutoa wapi? Kwenye koo za watu?" Akauma waya kwa meno. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu ile jioni mliyogombana."

"Na Krismasi ulikuja. Ukala hapa. Tukachinja jogoo, nikakupa paja, ukacheka na mimi. Ukijua."

"Ndiyo."

"Hukuniuliza."

"Sikujua nianzie wapi."

"Lakini wimbo ulijua uuanzie wapi."

Zephaniah hakumtazama, alipanda ngazi kuijaribu, akakaa juu, miguu ikining'inia, na alipoanza kusema tena alikuwa kama anaongea na mahindi.

"Watu watadhani nilikaa nikapima, mimi au wao. Hakuna kupima. Nilisikia mti ukivunjika, halafu nikajikuta barabarani. Katikati hapo sikumbuki kitu. Yule aliyekimbia mimi nimemsamehe, alikuwa ni miguu tu. Lakini nilipofika barabarani akili ilirudi. Nilimsikia mama yako akiniita. Nikakaa kwenye kalvati. Nikakaa, Deri, mpaka kukapambazuka. Huyo wa kwenye kalvati ndiye siwezi kula naye sahani moja."

"Turudi nyumbani, baba."

"Leo nitakaa."

"Basi nitakaa na wewe."

Baba yake alimtazama kwa mara ya kwanza, akatazama viatu vyake vya mjini na jinzi iliyochanwa magotini kwa makusudi. Akasogea kumpa nafasi.

Ndovu walikuja jua likiwa bado halijazama sawasawa, mapema kuliko walivyozoea. Hapakuwa na kishindo. Kichaka cha upande wa mbuga kiligeuka tu kikawa na mgongo, kisha migongo, na mmoja mkubwa akatoka mbele ya wenzake akiwa amepanua masikio. Zephaniah alishika debe. "Kaa hapo hapo," akanong'ona. "Nikipiga, na wewe upige." Ndovu akatingisha kichwa, akapiga baragumu.

Derrick alijikuta kwenye lami.

Kiatu kimoja hakikuwepo. Magoti yake yalikuwa yanavuja damu, mdomo umejaa vumbi, na lori lilikuwa likimpigia honi kwa sababu alisimama katikati ya njia. Nyuma yake, mbali, debe lilikuwa likilia: mtu mmoja, mikono miwili, bila mdundo wowote. Akataka kurudi. Aliwaza waziwazi, narudi sasa, na akaitazama miguu yake, nayo ikakaa palepale. Hata kelele ya kuita watu haikumtoka. Mutunga alipotokea na pikipiki yake, alimwangalia usoni tu, hakuuliza kitu, akageuza kuelekea kijijini kwa mwendo wa kufa.

Watu walipofika na tochi na mabati, ndovu walikuwa wakiishia ng'ambo ya reli. Nusu ya mahindi ilikuwa imelala chini. Dungu lilikuwa limesimama, limeinama upande mmoja, na juu yake Zephaniah alikuwa ameikumbatia nguzo, debe bado mkononi, meno yanagongana. Ilibidi Mulei apande ambandue kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa peke yako?" Mulei akauliza alipomteremsha. "Tumeambiwa kijana wako alikuja huku."

Zephaniah alitazama lile duara la mianga. Nyuma ya watu wote, nyuma hata ya Mutunga, alimwona Derrick, mguu mmoja hauna kiatu, macho yake chini. Aliujua ule usimamaji. Alikuwa ameusimama yeye mwenyewe.

"Nilimtuma," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza lakini ilisikika na wote. "Nilimtuma kijana akaite watu. Amefanya vizuri."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mtu akampiga Derrick begani. "Vizuri, kijana." Ilikuwa zawadi, imewekwa mkononi mwake, na hapakuwa na mtu ambaye angeidai tena. Mama yake alikuwa amefika, amejifunga leso kiunoni, anahema. Alimtazama mumewe, kisha mwanawe, akaelewa yote.

"Hakunituma," Derrick akasema.

"Deri," baba yake akasema polepole. Ilikuwa kama kumwomba.

"Hakunituma. Nilikimbia. Aliniambia nikae, nikakimbia nikamwacha. Hata watu sikuwaita mimi. Ni Mutunga."

Mkono uliokuwa begani mwake ukaondoka. Hakuna aliyemlaumu na hakuna aliyemsifu. Mianga ya tochi iliteremka tu ikamulika ardhi, kama watu wanaomwachia mtu nafasi ya kuvaa nguo.

Zephaniah akakohoa. "Na mwaka jana," akasema, "mimi pia sikutumwa."

"Mimi ndiye nilisema uongo," Tryphena akasema papo hapo. "Nilisema mimi. Yeye alinyamaza tu."

"Tunajua, mama Deri," Mulei akajibu. Alilichukua debe kutoka kwa Zephaniah, akaligeuza geuza, akampa mtu mwingine alishike. "Tuokote haya mahindi kabla ngedere hawajajua. Hayo mengine yatakuwa papo hapo asubuhi."

*

Uzinduzi ulifanyika. Kutu walikuwa wameshachukua pesa za watu, na Zephaniah mwenyewe alisema mtu akishapanda asiache kuvuna kwa sababu ya aibu. Hakwenda. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Walipiga nyimbo zao zingine zote, na walizipiga vizuri, lakini kati ya kila wimbo na wimbo watu walikuwa wakiita ule mmoja.

Mwishowe Derrick akasogea kwenye maikrofoni.

"Ile sauti ni ya mama yangu," akasema. "Si igizo. Niliichukua bila kumwomba. Wimbo huo hatuupigi tena. Nimekuja kuwaomba na nyinyi muuache."

Kukawa kimya kwa muda mfupi. Halafu mtu nyuma akashangilia, na ukumbi mzima ukashangilia, kwa sababu walidhani ni sehemu ya onyesho, ule ukimya unaokuja kabla ya kilio. Msichana mmoja mbele kabisa alifumba macho, akaifanya sauti yake ipasuke, akapiga ukelele, "Ulituacha gizani!" Wenzake wakadakia. Nzembi aliweka vijiti juu ya mapaja yake. Bravin akachomoa waya wa besi. Watu waliuimba wimbo wote mpaka mwisho bila bendi, wakipiga miguu sakafuni, na hawakukosea hata neno.

Derrick alisimama jukwaani wakati wote huo. Alidhani ndiyo stahili yake kusimama.

*

Wakulima hawakumrudishia Zephaniah filimbi. Walimpa zamu kama mtu yeyote, akiwa na Mulei, na Mulei hakupanda dungu kwanza hata siku moja. Alimwacha Zephaniah atangulie, kisha akakaa yeye karibu na ngazi. Zephaniah aliona, akavumilia. Watoto walimpigia kelele zile kwa majuma kadhaa, kisha mbuzi wa mtu akagongwa na treni wakapata habari nyingine.

Baada ya uzinduzi Derrick alirudi Miasenyi kusaidia kuokoa mahindi, na asubuhi alimsaidia mama yake kibandani. Aliosha vikombe. Madereva waliomtambua walimwomba picha, akakataa kwa adabu, na Kavinya akawa anamtazama kwa jicho la pembeni.

Jumapili moja wateja walikuwa wachache. Tryphena alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akichambua maharagwe.

"Deri."

"Naam, mama."

"Ile simu ilishika kwa bahati mbaya?"

Kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimeshatakata, naye akaendelea kukisugua. Gari moja likapita, na jingine.

"Hapana. Niliisogeza ukutani."

Tryphena aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa akiitarajia. Alichambua maharagwe kidogo, akatupa moja lililotobolewa na dumuzi.

"Ulinisikia nalia. Ukuta ule si ukuta, ni matope na fito. Kwa nini hukuingia?"

Derrick alitafuta jibu lingine. Yalikuwepo majibu mengine, ya heshima, na alijua mama yake angeyapokea.

"Niliogopa ungenyamaza," akasema.

Mama yake hakumtazama. Aliweka ungo chini, akanyanyuka, akachukua beseni la maji machafu kutoka mbele ya miguu ya mwanawe, akavuka nalo mtaro kwenda kuyamwaga. Beseni lilikuwa limejaa nusu tu. Alikaa huko muda mrefu, amempa mgongo, beseni tupu likiwa limeegemea kiunoni, na Derrick hakumfuata.